Yamaha XT500: Mwongozo wa Kusoma Takwimu na Kukagua Pikipiki Kongwe ya Njia za Vumbi

Jedwali la takwimu za pikipiki kongwe husomwa vibaya mara nyingi, kwa sababu msomaji huikimbilia tarakimu moja, ile ya nguvu za farasi, akailinganisha na pikipiki za leo, kisha akahitimisha kwamba chombo kilicho mbele yake ni dhaifu. Yamaha XT500, iliyoonyeshwa kwa mawakala wa Marekani mwaka 1975 na kuuzwa kama modeli ya 1976, inaonyesha wazi hatari ya usomaji huo, kwa kuwa nguvu yake ni farasi 32 tu, ilhali ndiyo iliyompa Mfaransa Cyril Neveu ushindi wa mashindano mawili ya kwanza ya Paris-Dakar, ya 1979 na ya 1980, katika mwendo wa takriban kilomita 10,000 uliokatiza jangwa la Sahara. Mwongozo huu unamlenga anayetaka kuinunua, kuiendesha au kuitunza pikipiki hiyo, nao unashikilia kauli moja, kwamba takwimu za chombo cha aina hii huwa na maana pale tu zinapounganishwa zenyewe kwa zenyewe, na kisha zikapimwa dhidi ya hali halisi ya pikipiki inayokaguliwa, kwani kiwanda kilipima pikipiki mpya, naye mnunuzi wa leo anauziwa pikipiki ambayo hata ile ya mwisho kutengenezwa, mwaka 1989, imekwisha kupita miaka 30.

Ili kuzielewa tarakimu zenyewe, yafaa kwanza kuelewa kwa nini pikipiki hii iliundwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 pikipiki nyingi za njia za vumbi zilikuwa na injini za mipigo miwili, zile zinazochoma mafuta kila krankishafti inapozunguka mara moja, na Yamaha yenyewe ilikuwa imejijengea jina kwa injini hizo tangu ilipotoa DT-1 mwaka 1968. Injini za namna hiyo ni nyepesi na hushika kasi upesi, lakini hutaka kuzungushwa sana ndipo zitoe nguvu, hula petroli nyingi na hutoa moshi wa oili inayochomwa pamoja na mafuta. Wapo waendeshaji wa Marekani, hasa katika majangwa ya magharibi, waliozikumbuka pikipiki za Uingereza za silinda moja kubwa, kama zile za BSA, ambazo zilivuta kwa nguvu tangu mizunguko ya chini, ingawa zilivujisha oili na kusumbua kuwaka. Wahandisi wa Yamaha walitaka kuitunza tabia hiyo ya kuvuta na kuziondoa kasoro zake, na XT500 ikawa injini yao ya kwanza kubwa ya silinda moja yenye mipigo minne.

Injini na maana ya tarakimu zake

Silinda ya XT500 hupozwa kwa hewa, na neno mipigo minne lina maana kwamba pistoni hushuka mara mbili na kupanda mara mbili, yaani krankishafti huzunguka mara mbili, ili ikamilishe kazi ya kuvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, kuugandamiza, kuuchoma na kuutoa moshi wake. Kipenyo cha silinda ni milimita 87, na urefu wa mwendo wa pistoni ni milimita 84. Anayezidisha eneo la duara lenye kipenyo hicho kwa urefu huo atapata sentimita za ujazo 499, ambazo kibiashara hukamilishwa kuwa 500. Hesabu hiyo ina faida kwa mnunuzi, kwa sababu silinda iliyochakaa hukerezwa na kuwekewa pistoni pana zaidi, na pistoni za ziada hupatikana kwa hatua za robo milimita hadi kipenyo cha milimita 88, ambapo ujazo hufikia takriban sentimita 511. Muuzaji anayejivunia kwamba silinda yake imekerezwa hadi kipimo cha mwisho anaeleza, pengine bila kujua, kwamba silinda hiyo haina nafasi ya kukerezwa tena, na kwamba matengenezo yajayo yatadai kutiwa bushi mpya ndani yake au kununuliwa silinda nyingine.

Uwiano wa mgandamizo ni 9 kwa 1, maana yake mchanganyiko ulioingia hubanwa hadi sehemu moja ya tisa ya nafasi uliyokuwa nayo kabla ya plagi kutoa cheche. Kwa silinda ya ukubwa huu, mgandamizo huo unatosha kumrusha mtu anayepiga kiki ovyo, jambo litakaloelezwa mbele. Vali ni mbili, moja ya kuingiza na moja ya kutoa, nazo hufunguliwa na kamshafti moja iliyowekwa juu ya silinda na kuzungushwa kwa cheni, wakati kabureta ni Mikuni yenye koo la milimita 32. Hakuna chochote hapo kilichokuwa kigeni hata mwaka 1976, na ukosefu huo wa ugeni ni sifa kubwa ya mashine hii, kwa sababu nafasi za vali hurekebishwa kwa skurubu na nati ya kufungia, na kabureta hufunguliwa kwa bisibisi, kiasi kwamba fundi mwenye vifaa vya kawaida anaweza kuifanyia karibu kila huduma mbali na karakana.

Sehemu inayohitaji usomaji wa makini zaidi ni nguvu. Farasi 32 hupatikana kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika, lakini torki, yaani nguvu ya kusokota ambayo injini huipeleka kwenye gurudumu la nyuma, hufikia kilele chake cha takriban Nm 39 kwenye mizunguko inayokaribia 5,400. Anayeijua kanuni kwamba nguvu hupatikana kwa kuzidisha torki kwa mwendo wa mzunguko ataona kwamba kwenye mizunguko hiyo 5,400 injini imekwisha kutoa farasi 30 hivi, hivyo mizunguko 1,100 inayofuata humwongezea mwendeshaji farasi wawili tu. Wakati huohuo, kwenye mizunguko 6,500, pistoni husafiri kwa wastani wa mita 18 kila sekunde, kasi ambayo ni kubwa kwa pistoni nzito ya milimita 87 isiyokuwa na mtaimbo wa kusawazisha mtikisiko. Mwendeshaji anayeilazimisha injini hii kupiga kelele hupata kidogo na hulipa kingi. Tofauti na injini ya mipigo miwili, ambayo hulala usingizi mpaka ifike mizunguko fulani, hii huvuta tangu chini kwa mfululizo, ikisaidiwa na flaiwili nzito, ambalo ni gurudumu la chuma lililofungwa kwenye krankishafti ili kulainisha mwendo kati ya mpigo mmoja wa nguvu na mwingine. Kwenye mchanga, tope au mlima wa mawe yaliyolegea, mwendo huo wa taratibu huliacha tairi lishike ardhi badala ya kuzunguka mahali pamoja, na hapo ndipo ulipo ubora wa pikipiki hii.

Kutokana na hayo, kasi ya juu ya takriban kilomita 130 kwa saa isomwe kama mpaka wa mashine, isigeuzwe kuwa mwendo wa safari. Kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa, injini hufanya kazi bila kulazimishwa na mtikisiko huvumilika. Zaidi ya hapo, mikono na miguu huanza kufa ganzi, na nati huanza kulegea.

Anayelinganisha majedwali mbalimbali atakutana pia na tarakimu zinazopingana, na asidhani kwamba mojawapo ni ya uongo. XT500 zilizouzwa Ujerumani Magharibi zilipunguzwa nguvu hadi farasi 27, kwa sababu bima ya huko ilipangwa kwa madaraja ya nguvu na daraja hilo lilikuwa nafuu zaidi, hivyo pikipiki iliyotoka Ujerumani inaweza kuwa na vizuizi vyake vya awali au inaweza kuwa imefunguliwa na mmiliki wa baadaye. Urefu kutoka usawa wa bahari nao hubadilisha mambo, kwani hewa nyembamba hupunguza nguvu ya injini isiyo na tabo kwa takriban asilimia moja kila mita 100 za kupanda, na kwa hesabu hiyo XT500 yenye farasi 32 huko Mombasa hubaki na farasi 27 hivi ikifika Nairobi, mji ulio mita 1,700 juu ya bahari, na kabureta yake itahitaji jeti kuu ndogo kidogo ili petroli ilingane na hewa iliyopo.

Uzito, tangi na kusimama

Uzito unaoandikwa, kilo 138 au 139, ni uzito mkavu, yaani bila petroli, oili wala maji ya betri, na kwa matumizi halisi msomaji aongeze kilo 10 hivi. Tangi hubeba kati ya lita 8.5 na 9 kutegemea modeli, na kwa ulaji wa takriban lita 5 kwa kilomita 100 pikipiki hukata kilomita 170 kabla ya kukauka. Ndiyo maana waliokwenda nayo Dakar waliifungia matangi makubwa zaidi, na ndiyo maana Yamaha, ilipotoa XT600 Ténéré mwaka 1983, iliipa tangi la karibu lita 30. Gurudumu la mbele ni la inchi 21 na la nyuma ni la inchi 18, vipimo ambavyo vimeendelea kuwa vya kawaida kwa pikipiki za vumbi, hivyo kupata matairi si tatizo.

Shokapu na breki ndizo zinazofichua umri wa pikipiki. Mwendo wa shokapu za mbele haukuzidi sentimita 20, nyuma kuna shokapu mbili za mtindo wa zamani, na anayetoka kwenye pikipiki ya kisasa ya vumbi, yenye mwendo wa karibu sentimita 30, atajikuta akigonga mwisho wa shokapu mahali ambapo hakutarajia shimo. Breki ni za ngoma mbele na nyuma. Bitana zake hupanuka ndani ya kikombe cha chuma kinachozunguka na gurudumu, hupoteza nguvu zikipata joto au zikiingia maji, na hudai umbali mrefu zaidi wa kusimama kuliko breki za diski. Umeme wa modeli nyingi ni wa volti 6, unaoifanya taa ya mbele iwe hafifu mno kwa safari za usiku katika barabara yenye magari, ingawa cheche ya plagi hutegemea magneto na si betri, kwa hiyo pikipiki inaweza kuwaka hata betri ikiwa imekufa kabisa.

Kuiwasha bila kuumia

XT500 haina stata ya umeme. Huwashwa kwa kiki, na sifa mbaya iliyoipata kwa kuwavunja watu vifundo imetokana na wapigaji kiki wasiojua mpangilio wake, kwani wahandisi waliiwekea msaada wa aina mbili: wenzo mdogo ulio upande wa kushoto wa usukani, unaoinua kidogo vali ya kutoa moshi ili mgandamizo upungue, na kidirisha kidogo cha kioo kwenye kichwa cha silinda, kinachoonyesha alama pindi pistoni inapokuwa mahali panapofaa.

Mwendeshaji afungue petroli, avute choki ikiwa injini ni baridi, kisha asukume kiki polepole kwa mguu mpaka ahisi imekaza, dalili kwamba pistoni imefika kwenye mpigo wa kugandamiza. Hapo abane ule wenzo, aendelee kuisukuma kiki taratibu huku akitazama kidirisha, na alama ikitokea aachie wenzo na kuirudisha kiki juu kabisa. Sasa pistoni imekwisha kupita kilele chake kwa kiasi kidogo, na krankishafti ina nafasi ya kushika kasi kabla ya kukutana na mgandamizo mwingine. Kinachofuata ni teke moja refu, lisilositasita, linaloshuka hadi chini bila kuzungusha mkono wa petroli. Kosa la kawaida ni kupiga kiki nusunusu pistoni ikiwa haijafika kileleni; cheche hutoka mapema, injini huzunguka kinyume, na kiki humrudishia mguu nguvu yote ya silinda ya sentimita 499. Viatu vyenye soli ngumu na shingo ndefu si pambo kwa kazi hii.

Injini inayokataa kuwaka baada ya matekemateke ya namna hiyo kwa kawaida imefurika petroli. Tiba yake ni kufunga petroli, kuzima swichi, kufungua kabisa mkono wa petroli, kubana wenzo wa mgandamizo na kupiga kiki mara kadhaa ili silinda ipulizwe ikauke, ndipo mpangilio uanzwe upya.

Oili iliyo ndani ya fremu

Injini nyingi za pikipiki huweka oili chini ya krankishafti, lakini XT500 hutumia sampu kavu, mfumo ambao pampu huirudisha oili kwenye hifadhi iliyo nje ya injini, na katika pikipiki hii hifadhi hiyo ni mabomba ya fremu yenyewe, kuanzia chini ya tangi hadi bomba la mbele linaloshuka. Ubunifu huu uliifanya injini iwe fupi, na ukaiwezesha fremu kutoa sehemu ya joto la oili, lakini unadai utaratibu wake katika kupima. Pikipiki iliyokaa siku nyingi huacha oili ichuruzike polepole kutoka kwenye fremu hadi ndani ya injini, hivyo kijiti cha kupimia huonyesha upungufu usiokuwapo, na asiyejua huongeza oili mpaka ikafurika na kutoka kwenye mrija wa kupumulia. Kipimo sahihi huchukuliwa baada ya injini kuwaka dakika chache na kupata joto. Wakati wa kubadilisha, oili imwagwe kwenye vizibo viwili, cha injini na cha fremu, na chujio la wavu lililo chini ya bomba la mbele lifunguliwe na kusafishwa, kwa sababu uchafu wa miaka mingi hutuama hapo hapo.

Ukaguzi kabla ya kununua

Jambo la kwanza ni utambulisho. Yamaha ilitoa pia TT500, ndugu yake isiyo na taa iliyokusudiwa mashindano, na kuanzia 1978 ikatoa SR500 ya barabara za lami, ambayo injini yake imetokana na hii lakini ina vali kubwa zaidi, kabureta ya milimita 34 na mfumo wa cheche wa kielektroniki. Kwa kuwa injini hizo huingia kwenye fremu ya XT bila shida kubwa, pikipiki nyingi zina injini za kuhamishiwa, na namba inayoanza na 2J2 ni ya SR500. Kubadilishwa huko hakuiharibu pikipiki, na huenda hata kukaiongezea nguvu kidogo, lakini chombo hicho kisilipiwe bei ya pikipiki yenye namba zake za awali. Udugu huo una faida kwa upande mwingine, kwani SR400, ndugu mdogo wa SR500, iliendelea kutengenezwa Japani hadi 2021, na kwa sababu hiyo vipuri vingi vya ndani ya injini bado hupatikana vipya.

Baada ya karatasi na namba, fremu itazamwe kwenye maungio ya mabomba, hasa karibu na shingo ya usukani na mahali mkono wa nyuma unapofungwa, kwa kuwa ufa mahali hapo ni ufa katika hifadhi ya oili pia. Jasho la oili kwenye rangi ni onyo la kutosha. Gurudumu la nyuma lisukumwe kulia na kushoto ili kuona kama bushi za mkono wa nyuma zimekwisha. Uzi wa plagi kwenye kichwa cha silinda ukaguliwe kwa kuifungua plagi kwa mkono, kwani alumini iliyobanwa kwa nguvu kwa miaka mingi huchanika. Tangi la chuma limulikwe ndani kwa tochi ili kuona kutu. Yale matangi ya alumini iliyong'arishwa yaliyozipamba XT500 za Ulaya hayapati kutu, lakini yakibonyea ni vigumu kuyanyoosha yakarudi ubora wake. Anayekusudia kuivusha pikipiki mpaka, iwe kutoka Ulaya au Ghuba kwenda Afrika Mashariki, aulize mamlaka ya mapato na ya viwango ya nchi yake kuhusu masharti ya umri wa vyombo kabla hajatoa hata arbuni.

Hatimaye injini isikilizwe. Mlio wa cheni ya kamshafti iliyolegea husikika upande wa silinda, na hupungua au kutoweka cheni inapokazwa, isipokuwa kama imekwisha kurefuka kupita kiasi. Mgongano mzito unaosikika chini, unaoongezeka pikipiki inapopewa mzigo, ni wa beringi ya konrodi, na gharama yake ni kuifungua injini yote. Moshi wa buluu unaotoka kwa muda mfupi baada ya kuwashwa huashiria sili za vali zilizokauka, lakini ule unaoendelea wakati wa kuongeza mwendo ni wa ringi na silinda, na hapo swali la kipimo cha pistoni kilichobaki hurudi kwa uzito wake. Ukaguzi huu wote hutegemea sharti moja ambalo mnunuzi alitoe mapema kwa simu, kwamba pikipiki isiwashwe kabla hajafika, kwani ni injini baridi pekee inayoonyesha jinsi inavyowaka, jinsi inavyolia na moshi inaoutoa. Akifika akaikuta injini ina joto, basi aisubiri ipoe kabisa, au aondoke bila kutoa pesa.